Minazi Ndani ya Ua wa Wanamaji

Nilikwenda Guangzhou kusomea historia ya bandari, na karibu kila mtu wa kwetu niliyekutana naye kule aliamini nina kasoro kichwani. Wao walikuja kununua vitu. Ilikuwa miaka ile ya neema, kabla ya Olimpiki za Beijing, na maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu yalijaa Waswahili, Wakongo na Wanigeria wakipigana vikumbo na wapagazi wa marobota. Halafu wanakutana na mimi, binti wa pwani mwenye mtandio na begi la vitabu, wananiuliza nachukua mzigo gani. Nikiwajibu kwamba naandika tasnifu juu ya ugomvi wa ardhi ya bandari wakati wa Mwingereza, wananitazama kwa huruma.

"Ugomvi wa kwetu unakuja kuusoma China?" aliniuliza dada mmoja wa Singida siku tuliyojuana. "Mdogo wangu, si ungebaki nyumbani ukagombana?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya robota la mtu. Nikampenda papo hapo. Alikuwa mfanyabiashara wa jinzi, Mkristo asiyekosa kanisa, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe toka bonde la pili, na tangu siku hiyo kila alipotua Guangzhou mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Alinilipa kwa chakula, kwa suruali, na kwa maneno ya kunisuta ambayo nilikuwa nayahitaji kuliko hivyo viwili.

Ugomvi wenyewe lazima niueleze, maana niliupenda kama wengine wanavyopenda mpira. Katika mji wetu kuna rasi inayoingia bandarini, na wakati wa Mwingereza rasi ile ilitakiwa na wakubwa wawili kwa pamoja, wote wa serikali ileile. Idara ya bandari na reli ilitaka kujenga gati na maghala. Wanamaji wa Mfalme walitaka mahali pa matangi ya mafuta ya manowari zao. Wanamaji wakapigilia vigingi. Watu wa bandari wakaving'oa, wakavirudisha kwa tarishi pamoja na salamu za heshima, wakisema wameviokota kwenye ardhi yao. Ramani ya hawa iliipaka rasi rangi nyekundu, ramani ya wale iliipaka buluu. Waliandikiana barua zenye adabu nyingi hivi kwamba ukizisoma unasikia meno yakisagana. Nilikuwa na nakala zake bwenini, na nilizisoma nikicheka peke yangu hadi mwenzangu wa chumbani akadhani ni vitabu vya vichekesho.

Mwishowe wanamaji walishinda. Wakazungusha seng'enge, wakaweka askari langoni, wakalala usingizi mnono. Asubuhi wakaja watu wa mtaa wetu na mapanga na kamba, wakainama, wakapita chini ya seng'enge, na kuanza kukwea minazi.

Hapo ndipo penye utamu. Kwetu pwani ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kukuuzia kiwanja akabaki na minazi yake, na kila msimu akaja kuangua nazi mlangoni pako, nawe ukampa maji ya kunywa. Anaweza kurithi minazi bila kurithi hata konzi ya mchanga ilipoota. Serikali ilikuwa imelipa fidia ya ardhi, na wazee waliipokea kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuna aliyewauliza lolote kuhusu minazi. Wanamaji wakaona wametapeliwa. Wenye minazi wakaona wanamaji hawakulelewa.

Baba yake bibi yangu alikuwa mmoja wao. Askari walipokuja kumkamata kwa kuingia eneo la jeshi, walimkuta yuko kileleni. Akawaambia toka huko juu kwamba chini ni kwao, hilo hawezi kulibishia, lakini hapo alipo yuko kwake, na wakimtaka wapande. Hakuna aliyejua kupanda. Alikaa huko akinywa madafu yake mpaka jua likazama nao wakachoka kusimama. Na si bibi yangu peke yake anayesimulia. Ofisa mmoja wa bandari, kwa raha ya kuwaona wanamaji wakiumbuka, alilieleza tukio zima kwenye barua kwa mkubwa wake, na barua hiyo imo kwenye majalada hadi leo.

Hiyo ndiyo ilikuwa sura yangu ya tatu. Sura ya kwanza ilihusu bandari, ya pili wanamaji, na ya tatu wenye minazi.

Msimamizi wangu alikuwa mtu mzima, mwembamba, bingwa wa historia ya bandari za kusini mwa China, lakini yeye mwenyewe alizaliwa kaskazini kabisa, kwenye ngano tupu hadi upeo wa macho. Hakuachana na chupa yake ya chai yenye majani yanayoelea. Alipocheka hakutoa sauti; mabega tu yalipanda na kushuka. Kichina changu cha kuandika kilitia aibu, naye alikinyoosha mstari kwa mstari bila kunifokea hata mara moja. Nilimheshimu sana mwalimu yule, na ndiyo maana nilitetemeka aliponiita ofisini mwezi wa tano, akiwa amemaliza kuisoma tasnifu yangu.

"Sura ya kwanza nzuri," alisema. "Ya pili nzuri sana. Ya tatu uikate."

"Niikate?"

"Waliogombana ni pande mbili, bandari na wanamaji. Hawa wa miti si upande. Wamelipwa ardhi yao, kisha wanarudi kudai miti iliyosimama juu yake. Ardhi ni ardhi. Mti hauoti hewani." Akafungua chupa, akanywa kidogo. "Huyo babu wa kileleni ni hadithi tamu. Lakini mtahini atauliza swali moja tu: alikuwa na haki gani? Utamjibu nini?"

Nilimwambia kwamba haki yenyewe ndiyo hiyo, kwamba pwani nzima inaijua, kwamba hata mahakama za kadhi zimeigawa minazi kwa warithi tangu enzi na enzi. Hasira zangu haziko mbali, na Kichina changu kikipanda hasira hupoteza mpangilio. Mwalimu akanisubiri nimalize. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba bila saini yake siingii chumba cha utetezi wa tasnifu, na saini haiweki chini ya jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulielewa. Nikiikata sura ya tatu ningefuzu mwezi wa sita. Nisipoikata, ufadhili ungekwisha mwezi wa saba na ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Nilimpigia bibi kwa kadi ya simu. Minazi mingine ya baba yake bado ilikuwa imesimama nyuma ya ua ule, na sehemu yake katika urithi alikuwa akiijua mti kwa mti, ingawa wengi wetu tuliozaliwa baadaye tuliiona kwa mbali tu.

"Wamesema minazi si yetu?" aliuliza.

"Wamesema hawaelewi, bibi."

"Hata Mzungu alisema hivyohivyo." Akaendelea, "Wewe andika wanavyotaka, mjukuu wangu, wakupe cheti chako urudi. Sisi tumeshazoea."

Lau angenigombeza ningepumua. Alisema kwa sauti ya kuniachia, na kwa bibi yangu sauti hiyo ni nzito kuliko fimbo. Nilikata simu nikalia, nikanawa uso, nikaenda kula tambi za kuvutwa kwa mkono kwenye mkahawa wa Waislamu karibu na lango la chuo, kwa sababu huzuni yangu siku zote huja na njaa. Sikuwa nimeamua lolote.

Nilikuwa katika hali hiyo dada wa Singida alipotua. Safari ile hakutaka maduka ya Guangyuan Xilu, alitaka kufika jikoni kwenyewe, na jiko la jinzi lilikuwa mji wa Xintang. Tulipanda basi asubuhi. Xintang ilikuwa na mitaro ya maji ya buluu, mabanda ya kushonea kila uchochoro, na suruali zimeanikwa mpaka kwenye nyaya za balkoni. Laoban, yaani bosi wa kiwanda tulichokiendea, alikuwa kijana mnene mwenye furaha nyingi. Dada akaanza kazi.

"Tai gui, laoban! Tai gui!" alipaza sauti, maana neno hilo la ghali mno alilijua kabla ya kujua salamu. "Mdogo wangu, mwambie zipu hii itakufa kabla ya kontena halijafika Dar. Mwambie nataka sampo nyingine, suruali moja ya mfano, ikafuliwe nione rangi."

Laoban akapiga kifua kwamba rangi haitoki. Dada akasema hata mume wake wa ujana alipiga kifua hivyohivyo. Nilitafsiri nusu. Tukakubaliana sampo ikafuliwe, na sisi tukatolewa viti uani tusubiri.

Ua ule ulikuwa na miti mitatu mikubwa ya lichi, imeelemewa na matunda mekundu mpaka matawi yanagusa paa la banda. Lichi ni ndugu wa shokishoki, ila huyu amenyolewa nywele. Laoban alituona tunavyoitazama, akachuma vishada viwili na kutuwekea mapajani.

"Kuleni, kuleni! Msione haya!"

Dada hakuona haya. Alikula kama mtu anayefuturu, akirundika maganda miguuni, akimsifu laoban kwa Kiswahili kwamba mtu mkarimu namna hii hata zipu zake huenda zikawa za kweli. Mimi nami nilikuwa nakula. Lango likafunguliwa. Mlinzi hakuuliza kitu. Akaingia bibi mfupi aliyevaa kofia pana ya ukindu, nyuma yake mkwewe na baiskeli ya matairi matatu yenye makapu na ngazi ya mianzi. Bibi akaegemeza ngazi kwenye mti wa kwanza, akageuka, akayaona maganda.

Sijui Kikantoni, lakini kugombezwa nakujua kwa lugha yoyote. Yule bibi alimshukia laoban kwa maneno mfululizo, akionyesha mti, akionyesha maganda, akituonyesha sisi. Laoban, bosi wa watu wote wale, alisimama kama mtoto wa madrasa aliyesahau sura. Alikuwa na lichi mkononi, akaificha nyuma ya mgongo. Bibi akazunguka nyuma akaichukua.

"Kuna nini?" dada aliuliza, mdomo umejaa.

Nilimuuliza laoban kwa Kimandarini. Akacheka kwa aibu na kujikuna shingo. Akasema ardhi ni ya kijiji, kijiji kimemkodishia yeye, banda ni lake na mashine ni zake. Lakini miti ni ya huyu bibi. Ilipandwa na mama mkwe wake. Mkataba ni wa ardhi tu. Kila mwaka anakuja kuvuna, na kila mwaka yeye laoban anaonja mapema kabla hajaja, na kila mwaka anagombezwa.

"Sema tena," nilimwambia.

"Nini?"

"Hayo uliyosema. Ardhi ya nani, miti ya nani."

Akarudia polepole, akiniangalia kwa wasiwasi, akidhani labda nimetoka serikalini. Nikainuka kitini. Nilimkumbatia dada, nikamkumbatia mkwe wa bibi ambaye hakuwa na habari yoyote, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Bibi akaamini nimelia kwa kugombezwa. Roho ikamwuma, akachuma kishada kikubwa kuliko vile viwili akanitia mikononi.

Nilipomweleza dada, alisimama na kuyatazama maganda yake kwa hofu. "Kwa hiyo laoban ametukaribisha vya watu? Ee Mungu wangu! Kwetu Singida mwenye shamba ndiye mwenye mti, hatuigawi mali vipande. Mdogo wangu, mbona hukuniambia, wewe si ndiye unayeandika hayo mambo?" Na kabla sijajibu alikuwa ameshavua viatu, amebeba kapu, anapokea vishada toka kwenye ngazi, akimwomba bibi msamaha kwa Kiswahili kizito cha kanisani. Bibi alimjibu kwa Kikantoni. Walielewana vizuri kabisa, na hadi sampo inatoka kwenye maji, makapu yalikuwa yamejaa na rangi ya jinzi ilikuwa imetoka yote.

"Rangi imekimbia!" dada alimpigia laoban kelele. "Mei you rangi!" Yaani hakuna rangi. Lakini hata yeye alikuwa anacheka.

Kesho yake nilimngojea msimamizi wangu nje ya darasa. "Mwalimu," nilimwambia, "Jumamosi nakuomba twende Xintang. Nataka ukaone sura ya tatu ikivunwa."

Alinitazama, mabega yakaanza kutikisika. "Ni msimu wa lichi," alisema. Watu wa kaskazini wana udhaifu mkubwa kwa lichi. Akakubali.

Jumamosi hiyo dada alikuwa akirudi kukagua oda yake, kwa hiyo tulikwenda watu watatu, mwalimu na chupa yake ya chai, dada na sauti yake, na mimi na begi langu la vitabu. Kama angeona ni kichekesho tu, nisingekuwa na neno jingine la kumwambia. Bibi tulimkuta tayari juu ya ngazi, kwenye mti wa pili. Laoban alitoa viti, lakini mwalimu hakukaa. Alisimama chini ya mti akaanza kuuliza kama anayefanya utahini. Yeye alisema Kimandarini, laoban akakigeuza Kikantoni, bibi akajibu toka matawini, jibu likarudi njia ileile, nami nikalimalizia kwa Kiswahili ili dada asipitwe.

Nani alipanda? Mama mkwe. Kijiji kilipokodisha ardhi, miti ilikadiriwa? Haikukadiriwa, kwani nani aliiuza? Kiwanda kikitaka kupanua banda? Kije kumwona yeye kwanza, wapatane juu ya miti. Laoban alitafsiri jibu hilo kwa uso wa mtu aliyewahi kujaribu.

"Na mti ukifa?" mwalimu aliuliza.

Bibi alifikiri. Akasema mti ukifa mahali pake panarudi kijijini, na yeye hawezi kupanda mwingine bila kuomba.

"Ndivyo ilivyo kwetu!" nilipiga ukelele. "Mnazi ukianguka haki yako imeanguka nao. Mwalimu, ndivyo ilivyo kwetu kabisa!"

Mwalimu aliizunguka miti ile mara moja, akitazama mizizi ilivyoingia chini ya saruji ya kiwanda. Halafu akamkabidhi dada chupa yake ya chai, akakunja mikono ya shati, na bibi alipoteremka na kapu, yeye akapanda. Laoban alishika ngazi akimsihi ashuke, maana profesa akivunjika mguu uani mwake angeeleza nini. Mwalimu alifika kwenye panda ya mti, akakaa, miguu inaning'inia, majani yamemfunika hadi kifuani.

"Nauliza!" aliita toka huko juu. "Sasa hivi hapa nilipo, niko kwa nani?"

Bibi hakungoja tafsiri, au labda Kimandarini alikijua siku zote. "Kwangu!" alijibu. "Na ushuke, utanivunjia tawi!"

Mwalimu akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilisikia kicheko chake kina sauti, sauti nyembamba ya juu, na kilipoanza hakikuweza kukoma. Mashine za kushonea zilinyamaza ndani, wafanyakazi wakatoka mlangoni kuangalia. Dada alishika mbavu na chupa ya chai. Mimi nilikaa chini kabisa, kwenye saruji, nikicheka nao.

Kwenye basi la kurudi mwalimu alikaa dirishani. Alikuwa na mfuko wa lichi aliopewa na mwenyewe, na alikuwa akimenya moja moja na kuweka maganda kwenye leso. Tulipokaribia mjini akanigeukia.

"Babu yako alikaa juu mpaka jua likazama?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nilichoka nilipofika tu." Akamenya nyingine. "Sura yako ya tatu nimeisoma vibaya. Nayo umeiandika vibaya. Fupi mno. Iongeze. Eleza mti unarithiwaje, unauzwaje, unakufaje. Nitasaini ukimaliza, kwa hiyo usilale."

Sikulala sana, ni kweli, lakini ile haikuwa kazi, ilikuwa karamu. Bibi yangu nilimpigia simu karibu kila siku. Alinieleza ni nani alirithi nini, nani aliozwa kwa minazi badala ya ng'ombe, na ndugu gani wawili walikaa miaka bila kusemeshana kwa ajili ya mnazi uliopinda ukaangushia nazi uani kwa jirani. Alizungumza mpaka kadi inakata, na nikipiga tena anaendelea palepale alipoishia. Mwalimu alisaini.

Siku ya utetezi niliwaandalia watahini maji na matunda mezani, kama ilivyo desturi kule. Wengine huweka ndizi na machungwa. Mimi niliweka lichi, na nisingekuwa mimi kama nisingeziweka. Watahini walikuwa watano, wazee watupu. Nyuma walikaa wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki, na katikati yao dada wa Singida aliyevaa kitenge cha harusini, asiyeelewa neno la Kichina zaidi ya kuwa vitu ni ghali.

Nilisema niliyoyasema. Sura ya kwanza wakatikisa vichwa kukubali. Ya pili wakacheka kwenye habari ya vigingi. Ya tatu, mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye nyusi nzito, akaweka kalamu chini.

"Sielewi," alisema. "Ardhi ni ardhi. Imelipiwa. Mti uliosimama juu yake utakuwaje wa mtu mwingine?"

Kabla sijafungua mdomo, msimamizi wangu alikuwa amesimama. Kwa kanuni zao msimamizi hamsemei mwanafunzi wake. "Nilikuwa nafikiri hivyohivyo!" alisema kwa furaha. "Mpaka nilipopanda mwenyewe..."

"Keti, tafadhali," mwenyekiti alimwambia.

Akaketi, mabega yanapanda na kushuka. Chumba kizima kikanitazama mimi. Niliona mkono wa mwenyekiti umeshika lichi iliyomenywa nusu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "hiyo unayokula imechumwa ndani ya ua wa kiwanda cha jinzi. Mwenye kiwanda hakuniuzia, maana si yake. Aliyeniuzia hana hata tofali pale. Nilimlipa yeye, na mwenye kiwanda alitufungulia lango." Nikavuta pumzi. "Wanamaji walilipia mchanga, wakapewa mchanga. Bandari na wanamaji waligombania mahali ambapo hata hawakuwa wakiishi. Wenye minazi walikuwa wakienda pale kila msimu kufanya kazi. Siwezi kuandika ugomvi wa rasi ile nikawaacha nje. Wao ndio waliokuwa ndani."

Mwenyekiti alimaliza kuimenya, akaitia mdomoni, akaitafuna bila haraka. Kisha akaichukua tena kalamu yake. Tukatolewa nje wapige kura.

Kwenye ukumbi wa nje dada alinishika mkono tukisubiri. Mvua kubwa ya Guangzhou ilikuwa ikimwagika nje ya madirisha. Mlango ukafunguliwa, tukaingia, na watu wote wakasimama, kama wanavyosimama kule azimio la jopo linaposomwa. Mwenyekiti alivaa miwani. Akasoma jina la chuo, akasoma kichwa cha tasnifu, kisha akasoma, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma jambo la kawaida, kwamba tasnifu hii imechunguza ugomvi wa pande tatu juu ya ardhi ya bandari: idara ya bandari, wanamaji, na wenye minazi. Na kwamba jopo linaikubali.

Nilimwomba asome tena. Si desturi, na watahini wawili walinitupia jicho, lakini alinitazama juu ya miwani yake, akarudi mwanzo wa sentensi ile, akaisoma polepole zaidi.

Dada alinivuta mtandio. "Wanasema nini? Umefuzu?"

"Wanasema minazi ina wenyewe," nilimwambia.